Daktari Anapokosea, Nani Huwajibika?
Maelezo kwa wakazi wa Kata ya Buhembe



Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyekuwa na maradhi ya kichwa alipasuliwa mguu. Aliyeumwa goti akapasuliwa kichwa. Yule wa kwanza baadaye alifariki dunia. Nchi ilistuka, na watu wakauliza: nani atawajibika?

Kisheria, aliyeumizwa kwa uzembe wa tabibu anaweza kudai fidia mahakamani ndani ya miaka 3. Hospitali ikiwa ya Serikali, hutangulia notisi ya siku 90. Ni juu ya mdai kuthibitisha uzembe, na si kila tiba iliyoshindwa ni uzembe. Hata akishinda, kwa kawaida mlipaji ni mwajiri, yaani kodi ya wananchi wenyewe. Fidia hiyo ni haki ya mgonjwa, lakini haigusi sana mfuko wa daktari.

Kinachomgusa ni leseni yake. Chini ya Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, Baraza la Madaktari Tanganyika laweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta katika daftari. Kuliandikia Baraza hakuhitaji wakili.

Hata hivyo, hofu ikizidi hudhuru. Daktari anayeogopa adhabu kwa kila kosa huficha, na kosa lililofichwa humpata mgonjwa mwingine. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19. Kabla ya usingizi, mgonjwa huthibitisha jina lake, aina ya upasuaji na sehemu itakayopasuliwa. Ni jambo dogo, wala halina gharama.

Na akina Projestus ni wengi hapa Bukoba! Basi mgonjwa ataje majina yake yote matatu, aulize anapasuliwa nini na kwa sababu gani. Atunze kadi, majibu ya vipimo na stakabadhi, kwani bila hizo malalamiko hukosa ushahidi. Aanzie kwa mganga mfawidhi wa kituo, kisha Mganga Mkuu wa Manispaa. Asiporidhika, aliandikie Baraza. Tarehe ya tukio iandikwe mapema, maana muda wa kudai huanza kuhesabiwa.