UANAGENZI WA MAFUNDI WA VIFAA VYA KUSIKIA
(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama)



Wahenga walisema sikio halilali njaa. Lakini wapo wenzetu ambao masikio yao hushinda njaa kila siku ya mkutano mkuu. Hesabu husomwa, mikono huinuliwa, nao huinua yao kwa kuwatazama jirani zao. Mwanachama asiyesikia hesabu amepiga kura gani? Na penye mizani, asiyesikia kilo zinazotajwa atadai nini? Hii ni haki ya uanachama, wala si jambo la kuoneana huruma.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa na usikivu. Huletwa na uzee, na maradhi ya masikio, na hata kelele za mitambo ambayo mtu hufanya kazi kando yake miaka mingi.

Wengi hudhani kwamba yatosha kununua kifaa. Sivyo. Kifaa kisicholingana na sikio la mwenyewe hupiga mluzi na kuumiza, na mwisho hutiwa sandukuni. Hapana budi awepo fundi.

Je, fundi huyo hupatikanaje? Nchini Ujerumani kazi hii huhesabiwa kuwa ufundi, na hufunzwa kwa uanagenzi wa miaka 3. Mwanagenzi huajiriwa katika duka la vifaa hivyo, hulipwa, na hufanya kazi chini ya uangalizi wa mafundi. Kwa vipindi maalumu huenda mji wa Lübeck kusoma pamoja na wanagenzi wenziwe. Mwishoni hufanya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Atakaye huendelea hadi cheti cha fundi mkuu.

Hujifunza kupima usikivu kwa mashine inayotoa sauti nene na nyembamba. Hujifunza kuchukua umbo la sikio kwa dawa laini inayoganda; lakini kwanza hutanguliza kipande cha sponji chenye uzi, ili dawa isifike kwenye ngoma ya sikio. Ustadi wa mkono kama huo haupatikani kitabuni peke yake. Hufunzwa pia mipaka ya kazi yake: sikio litokalo usaha, au uziwi wa ghafla, ni la daktari. Tena hufunzwa subira, maana mwenye kifaa atarudi mara kwa mara kurekebishiwa sauti, kuondolewa nta na kuelekezwa kuhusu betri.

Ndugu Wanaushirika, tumezoea kuwasomesha watunza hesabu wetu. Yafaa chama kikuu kishauriane na hospitali juu ya kumsomesha kijana mmoja kwa njia hiyo ya darasa na kazi, kwa mkataba wa kurudi kuwahudumia wanachama. Tusimpe kazi hiyo mchuuzi apitaye na vifaa mkobani, kwani leo yupo na kesho hayupo.

Wakati tukimngoja fundi huyo, makatibu wabandike hesabu ukutani kabla ya mkutano, na kila mkulima apewe stakabadhi iliyoandikwa kilo zake. Asiyesikia atasoma, au atasomewa na amwaminiye.