Fundi, Zima Redio Kwanza

Msikilizaji, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa natoka mtaani kwetu Kihonda kwenda Msamvu, taa ya mafuta imeshawaka, nikaingia kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akagonga kifuniko cha tangi mara moja, akagonga tena, akanitazama. Hakifunguki. Nyuma yangu bodaboda watatu wanapiga honi, na mimi na shati langu la ofisini natoa mizigo kwenye buti, napapasa nyuma ya zulia la upande wa kulia nitafute kile kijiti cha kuvuta kwa mkono mambo yanapoharibika. Nilikipata. Jasho nalo lilikuwa limeshanipata.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 200E ya mwaka 1990, toleo ambalo wenye nalo wanaliita W124. Enzi zake ukishuka nalo watu wanakupisha. Kwenye gari hili kifuniko cha tangi kinafungwa na kufunguliwa pamoja na milango na buti, na kinachofanya kazi hiyo ni hewa. Ndiyo, hewa. Chini ya kiti cha nyuma kuna pampu ndogo ya umeme. Ukizungusha ufunguo kwenye mlango wa dereva, swichi iliyo kwenye kitasa inaiamuru pampu: ukifunga inanyonya hewa, ukifungua inapuliza. Hewa inapita kwenye vipira vyembamba hadi kwenye milango, na huko inakuta kiwambo cha mpira kinachovuta au kusukuma kitasa. Mlango wa dereva unafunguka kwa ufunguo wenyewe hata hewa isipokuwepo, ndiyo maana mwenye gari anaweza kukaa na ugonjwa huu miezi asijue.

Nikaenda gereji, sitaitaja. Fundi akazungusha ufunguo, akatikisa kichwa: "Bosi, sentro loki imekufa hii. Tufunge ya rimoti." Kabla sijajibu ameshafungua ubao wa mlango wa dereva na kukata waya mbili. Aliponitajia bei nikaondoa gari. Sasa hata mlio wa pampu haukusikika tena. Ugonjwa mmoja nilikwenda nao, wa pili nikaununua pale pale.

Fundi wa pili nilimpata Kihonda, mtu mzima, gereji yake ni mwembe na mabati manne. Aliunganisha kwanza zile waya. Kisha akamwambia kijana wake: "Zima redio hiyo." (Msikilizaji, iliniuma kidogo, lakini alikuwa na haki.) Akainamia kiti cha nyuma, akaniambia nizungushe ufunguo. Pampu ikanguruma. Pampu nzima inanguruma sekunde chache tu, ikishajaza inanyamaza. Hii iliendelea, ikaendelea, hadi ikajizima yenyewe kwa kuchoka kusubiri. "Pampu yako nzima," akasema. "Kuna mahali inavuja."

Hapo ndipo penye mtego. Kwenye gari lenye loki za umeme, mlango mmoja ukigoma ugonjwa uko kwenye mlango huo. Kwenye gari lenye loki za hewa, mlango mmoja ukivuja unailemaza milango yote, na tangi, na buti. Ukiona vyote vimelala unadhani mfumo mzima umekufa, kumbe kimechanika kipande cha mpira kisichozidi kiganja.

Alichofanya mzee yule sitakisahau. Alichukua bomba la sindano, lile kubwa la duka la dawa, bila sindano, akalichomeka kwenye kipira cha mlango wa kwanza na kuvuta. Likakaza, kitasa kikashuka. Wa pili, likakaza. Mlango wa nyuma kushoto, bomba likaja lote mkononi kama linavuta upepo wa uwanjani. Kiwambo kilikuwa kimepasuka. Kingine kilitoka Ilala, Dar es Salaam, kimechomolewa kwenye gari la aina hiyo hiyo.

Najua wengi mnaonisikiliza hamna Benzi. Mna Crown, Mark II, Brevis. Loki zake ni za umeme, na kazi yake ni nyepesi zaidi. Rimoti ikigoma, badilisha kwanza betri yake. Milango yote ikigoma, anza na fyuzi. Ukigoma mmoja, chungulia ule mpira wa mikunjo kati ya mlango na bodi: waya za ndani zinakunjwa kila unapofungua, na baada ya miaka 20 zinakatika. Kitasa kikilia "tk" bila kuvuta, ni mota ndogo ya ndani imechoka, na mota hiyo hubadilishwa peke yake.

Sasa nani alaumiwe? Fundi wa kwanza ana makosa, lakini na sisi wateja tumo. Tunalipia kifaa kipya bila kunung'unika, ila mtu akikaa saa nzima anasikiliza na kupima, halafu akatengeneza kwa kipande cha mpira, tunamwambia, "Kumbe kadogo tu, nipunguzie." Tunamfundisha fundi kukata waya. Na magari haya tutakuwa nayo sana. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Sisi tunalipokea, tunalitoza ushuru wa uchakavu, maisha yanaendelea. Kwa hiyo tunahitaji mafundi wanaopima, na VETA Kihonda iko hapa hapa mtaani kwetu inafundisha ufundi, na VETA hiyo hiyo inawapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazi chini ya miembe.

Ombi langu kwako ni moja. Kabla fundi hajakata chochote, mwambie akuoneshe ugonjwa uko wapi, kwa macho yako au kwa masikio yako. Akiupata, mlipe na saa aliyotumia kuutafuta. Na kile kifaa kibovu alichotoa, akupe mkononi.