Mtoto Anayehara: Kwa Nini ORS Lazima Ipimwe

Mimi ni muuguzi wa jamii.

Siku moja mama alifika kliniki na mtoto anayehara, macho yamedidimia, analialia kwa kiu. "Sista, nampa ORS tangu jana, lakini anazidi." Nikamuuliza ameikorogaje. Alitia pakiti ya lita nzima katika kikombe kimoja, ili iwe kali imponye haraka. Hakuwa mzembe, aliyempa pakiti hakumweleza.

Kosa liko wapi? Ukuta wa utumbo una seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wenye milango. Mmoja wa milango hiyo hupitisha chumvi na sukari zikifika pamoja. Zikipita, maji huzifuata hadi kwenye damu. Hata kipindupindu hakiufungi mlango huo. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi.

Lakini maji huvutwa kuelekea palipo na chumvi au sukari nyingi. Mama, umewahi kutia chumvi kwenye kachumbari? Baada ya muda mfupi sahani ina maji. Yametoka ndani ya nyanya. ORS kali hufanya vivyo hivyo: huvuta maji ya mwili yaingie tumboni, na mtoto huhara zaidi. Soda nayo ni hivyo hivyo, kwa sukari yake nyingi.

Basi, soma pakiti kwanza. Kuna za lita moja na za nusu lita. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukikosa pakiti, pima lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, bila kurundika. Mpe kila anapohara. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Endelea kumnyonyesha. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Kliniki, uliza pia tembe za zinki.

Akilegea, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Yule mtoto tulimkorogea upya, mama akampa kijiko kwa kijiko. Jioni alikojoa, akataka titi. Pakiti ilikuwa ile ile, ila maji yalipimwa.