Sanamu ya Dhahabu na Uvimbe 30

Hotuba ya wauguzi wa jumuiya yetu kwenye sherehe ya Jamhuri, Southall

 

Kamati ilitupa sisi wauguzi dakika 15 na ikatuomba tuzungumze juu ya Mkenya mmoja aliyetupeperushia bendera. Tulipotaja jina la Lupita Nyong'o, mzee wetu mmoja katika kamati aliuliza manesi wana shughuli gani na mambo ya sinema. Swali ni la haki, mzee. Jibu lake liko mbele kidogo, tuvumilie.

Lupita ni mtoto wa uhamishoni, kama wengi wa watoto walio humu ukumbini ni watoto wa ugenini. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, akiishi na kufundisha huko kwa sababu siasa za nyumbani zilikuwa zimechacha. Wajaluo humpa mtoto jina kufuatana na mahali au jambo lililokuwapo alipozaliwa, ndiyo maana msichana wa Kijaluo akaitwa kwa jina la Kimexico. Akarudishwa Kenya angali mchanga, akakulia Nairobi. Alipofika miaka 16 wazazi wakamrudisha Mexico, katika mji wa Taxco, akajifunze Kihispania. Wazazi mliopo hapa mnaobishana na watoto kuhusu madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi, hilo mlichukue mwende nalo nyumbani.

Kuigiza kulianza mapema. Akiwa na miaka 14 alikuwa Juliet kwenye jukwaa la Phoenix Players pale Nairobi. Lakini kazi ya sinema aliianzia jikoni, kama tunavyosema. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya, alikuwa mmoja wa wale vijana wa kutumwatumwa: lete hiki, peleka kile. Alisoma chuo Marekani, akarudi, na mwaka 2009 akafanya mambo mawili ambayo sisi wauguzi tunayaheshimu kuliko mengi yaliyofuata. Aliigiza katika Shuga, tamthilia ya televisheni iliyopigwa Nairobi kuwazungumzia vijana juu ya virusi vya Ukimwi bila kuwakemea. Na akatengeneza filamu yake mwenyewe, In My Genes, juu ya Wakenya wanaoishi na ualbino. Hakuna aliyemjua wakati huo, wala hakukuwa na zulia jekundu. Baadaye akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza mwaka 2012.

Kabla hata hajamaliza vizuri akapata nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave. Na hapa Southall tuna haki ya kujisifu kidogo. Mwongozaji wa filamu ile, Steve McQueen, ni mtoto wa hapa Ealing. Alisoma Drayton Manor, shule iliyoko Hanwell, safari fupi ya basi kutoka ukumbi huu. Watoto wakisema kwamba hapa kwetu hapatoki kitu, waambieni habari hiyo.

Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, Lupita alipewa Oscar. Mkenya wa kwanza kupata tuzo ile kwa kuigiza. Wengi wetu tulikuwa zamu ya usiku. Habari ilitufikia kwenye simu alfajiri, tukiwa na sare, na tulipiga vigelegele vya chini chini kwenye chumba cha dawa ili tusiamshe wagonjwa. Kwenye hotuba yake aliwaambia watoto wote, popote walipotoka, kwamba ndoto zao ni halali. Maneno yale yamebandikwa kwenye kuta za watoto wengi, ikiwa ni pamoja na nyumba za hapa.

Yaliyofuata mnayajua. Alikuwa Nakia katika Black Panther mwaka 2018. Katika Queen of Katwe ya 2016 alikuwa mama yake Phiona Mutesi, yule binti wa Kampala aliyecheza sataranji, na kwa maoni yetu pale ndipo alipoigiza vizuri kuliko kote, maana mama yule tunamjua, tumelelewa naye. Aliandika Sulwe, kitabu cha watoto juu ya msichana mweusi anayetamani kuwa mweupe. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mdogo aliomba Mungu amwamshe akiwa na ngozi nyeupe zaidi. (Krimu za kuchubua zimo kwenye makabati yetu pia. Tunaziona vidonda vyake kazini. Leo tunalipita hilo.) Na mwaka 2024 ilitoka A Quiet Place: Day One. Hadithi yake inatokea New York lakini ilipigwa hapahapa London, naye anaigiza mgonjwa wa saratani aliye kwenye hospisi. Sisi tunaofanya kazi ya aina hiyo tuliitazama kwa jicho la kutafuta makosa, kama kawaida yetu. Uchovu wake tuliuamini.

Kuna jambo la sauti ambalo vijana wanapaswa kulisikia. Lupita ameeleza kwamba alipokuwa Yale alijilazimisha kuzungumza kama Mmarekani, kwa sababu ya kazi, na kwamba ilimwumiza kama mtu aliyejisaliti. Ilipofika wakati wa kuitangaza 12 Years a Slave aliamua kurudia sauti yake ya Kikenya. Tunacheka, lakini ni nani kati yetu asiyekuwa na sauti mbili? Tukipokea simu ya wodi tunakuwa Waingereza wa Ealing. Tukipigiwa kutoka Kakamega tunarudi tulivyo ndani ya sekunde moja, na watoto wetu wanatuiga nyuma ya mlango.

Sasa, mzee, jibu lako.

Mwaka uleule wa 2014, mwaka wa sanamu ya dhahabu na magauni ambayo dunia nzima iliyazungumzia, Lupita aligundua kwamba ana uvimbe katika mfuko wa uzazi. Fibroidi. Haukuwa mmoja, ulikuwa 30. Aliambiwa achague: apasuliwe, au aishi na maumivu. Akapasuliwa. Alipouliza afanye nini usiote tena, akajibiwa kwamba hakuna la kufanya, ni suala la muda tu. Na kweli ukaota. Alilinyamazia jambo hilo miaka 11, mpaka Julai ya mwaka 2025, alipoliandika hadharani na kuungana na Foundation for Women's Health kuanzisha ruzuku ya utafiti, ili zipatikane tiba zisizomlazimu mwanamke kukatwa sana. Alisema wasichana hufundishwa tangu kuvunja ungo kwamba maumivu ndiyo uanamke.

Kusema kunakimbia katika familia ile. Baba yake, alipokuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza mbele ya nchi nzima kwamba ana saratani ya tezi dume. Waziri mzima! Akina baba waliokuwa wakificha hata kukojoa kwa shida wakaanza kuuliza maswali.

Na sisi je? Tuwape kisa cha mwenzetu mmoja. Ni muuguzi, ana zaidi ya miaka 40, digrii yake ameipata hapa Uingereza kwa kusoma usiku huku akiosha wazee mchana. Kwa miaka mitatu alikwenda kazini amevaa pedi mbili na suruali nyeusi, na nyingine ya akiba kwenye mkoba. Kwenye basi alisimama, viti vikiwa vitupu. Kanisani alichagua benchi la nyuma. Alipokwenda kliniki, aliambiwa ni umri, akapewa vidonge vya madini ya chuma, akarudi tena, akaambiwa vilevile. Hatutaji kliniki. Lakini tuseme kweli, hata yeye mwenyewe hakueleza vizuri. Mtu anayewauliza wagonjwa habari za choo chao kila asubuhi bila haya aliona aibu kutamka neno damu kwa daktari kijana wa kiume. Alisema tu kwamba amechoka.

Usiku mmoja akaanguka kwenye korido. Hemoglobini yake ilikuwa 68. Ya mwanamke hatutaki ishuke chini ya 120. Wenzake waliomuinua walikuwa sisi. Tulikuwa tumeshinda naye zamu baada ya zamu, wote tuna vyeti ukutani, na hakuna aliyemuuliza mbona amepauka. Digrii inakufundisha kumtazama mgonjwa. Haikufundishi kumtazama dada yako.

Tulipoanza kuulizana, mambo yalifunguka kama maji. Katika chama chetu cha akina mama, wale wa kuchanga kila mwezi, tulikuta nusu nzima wana kisa. Mmoja aliambiwa nyumbani kwamba amerogwa. Mwingine mume alidhani tumbo ni mimba akaanza kununua nguo za mtoto.

Kwa hiyo tueleze kidogo, na akina baba msitoke nje, chai haijawa tayari. Fibroidi ni uvimbe wa misuli ya mfuko wa uzazi. Karibu mara zote si saratani. Unaweza kuwa mdogo kama njegere au mkubwa kama tikiti. Kufikia miaka 50, wanawake wapatao 8 kati ya 10 wa asili ya Kiafrika wanakuwa nao, na weupe wapatao 7 kati ya 10. Lakini kwetu huanza mapema zaidi na hutusumbua zaidi. Wengi hawajui hata kama wanao. Wengine huona damu nyingi, maumivu ya kiuno, kukojoa kila saa, choo kigumu, au mimba isiyoshika.

Damu nyingi ni kiasi gani? Swali hili tunaulizwa sana na mabinti, kwa sababu kila mtu anadhani yake ndiyo kawaida. Ukibadilisha pedi kila saa moja au mbili, ni nyingi. Ukivaa vitu viwili pamoja, ni nyingi. Ikipita siku 7, ikitoka mabonge yanayozidi sarafu ya peni 10, ikichafua shuka, ni nyingi. Mwambie GP kwa maneno hayohayo, usiseme umechoka. Omba kupimwa damu, pamoja na akiba ya madini ya chuma, na uulizie picha ya altrasaundi. Tiba zipo: kuna vidonge vya kupunguza damu, kuna koili yenye homoni, kuna kuziba mishipa inayolisha uvimbe, kuna kuutoa uvimbe na kuacha mfuko. Kuondoa mfuko mzima ni njia mojawapo, si ya kwanza wala ya lazima. Ukikataliwa kwa mara ya kwanza, rudi, na uende na mtu. Sisi tuko tayari kuwa huyo mtu. Tumeshakwenda na akina mama wanne mwaka huu.

Mwenzetu yule alitolewa uvimbe 11. Yuko hapa leo. Ndiye aliyekaanga mandazi mnayoyanusa, na ametuambia tukimtaja kwa jina hatupati hata moja.

Baada ya chai tutakuwa kwenye meza ile ya karibu na mlango, na mashine ya presha kwa wote, akina baba pia. Akina mama na mabinti wanaotaka kuuliza faraghani, chumba cha nyuma kitakuwa wazi mpaka saa mbili usiku. Kuna pazia.