Anayeingia Nyumbani kwa Mtoto Alipwe Mshahara

Umuhimu wa miaka mitatu ya kwanza ya mtoto hauhitaji utetezi mbele yenu. Kinachohitaji utetezi ni ujira wa mhudumu anayemfuata mtoto huyo nyumbani kwao ili kumsaidia akue na kujifunza. Ipo hoja inayosikika kwenye semina na kwenye vikao vya bajeti, kwamba hii ni kazi ya moyo, na ukimlipa mhudumu umeuharibu moyo huo. Hoja hii imesimama juu ya jambo la kweli, maana jamii zetu zimelea watoto kwa kusaidiana bila kudaiana. Lakini jirani anayemshika mtoto ili mama aende kisimani hana ratiba, hajazi fomu, wala hakuna anayemhoji asipofika. Mhudumu aliyepangiwa kaya, fomu na msimamizi ameajiriwa kwa kila namna isipokuwa malipo. Tena wanaosema malipo huua moyo hawamwambii hivyo daktari, wala mwalimu, wala mratibu wa mradi. Wanamwambia mhudumu wa ngazi ya chini, ambaye mara nyingi ni mwanamke, kwa sababu kazi ya mwanamke ndani ya nyumba tumezoea kuipata bure. Huko si kuuheshimu moyo wa kujitolea; ni kuutumia kuficha deni.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote kwamba kazi hii ina thamani unatoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake waliandikisha jijini Kingston watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne: wa kwanza walipewa maziwa ya lishe, wa pili walitembelewa nyumbani, wa tatu walipata vyote viwili, na wa nne hawakupata nyongeza yoyote. Waliowatembelea hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Inafaa kuitazama saa ile moja ya kila wiki. Mhudumu anaingia na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida kama chupa za plastiki na vizibo. Anampa mtoto kimoja, anatulia aone atakifanyia nini, kisha anamwachia mama aendelee: amtajie mwanawe jina la kitu, amsubiri, amsifu akifaulu. Vitu vinabaki pale nyumbani, na ziara ijayo vinabadilishwa kwa vingine. Ikawa hivyo kwa miaka miwili. Watafiti waliporudi baada ya takriban miaka 20 waliwapata 105 kati yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Science, mwandishi wa kwanza akiwa Paul Gertler, yalionyesha kwamba waliotembelewa walikuwa na kipato kilichowazidi wenzao kwa asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo.

Mtaniambia kuwa watoto 129 ni wachache, na ni kweli. Mtanikumbusha pia Kolombia, ambako kuanzia mwaka 2010 mfumo huo wa ziara ulijaribiwa kwa watoto 1,420 katika manispaa 96, watembeleaji wakiwa ni kina mama wa maeneo hayo hayo. Baada ya miezi 18 akili za watoto zilikuwa zimepiga hatua. Miaka miwili baada ya ziara kukoma, faida hiyo haikuonekana tena. Sidai kwamba ujira ndio uliotenganisha nchi hizi mbili, kwa kuwa watoto wenyewe na ukubwa wa miradi vilitofautiana. Ninachosema ni kwamba ziara si chanjo, uchome mara moja ukae. Nguvu yake iko katika ubora na mwendelezo, na vyote viwili vinamtaka mtu mzoefu asiyeondoka baada ya miezi sita kwenda kutafuta riziki.

Wengine wanakubali malipo, ila wanataka yawe kwa kila ziara. Marekani imetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Tangu sheria ya mwaka 1986, watoto wenye ulemavu au wanaochelewa kukua hupata afua za mapema hadi umri wa miaka mitatu, aghalabu nyumbani kwao. New York hulipa kwa ziara. Mtaalamu wa usemi akikuta mtoto ana homa na ziara imeahirishwa, safari yake imekwenda bure. Mwaka 2010 jimbo hilo lilipunguza viwango vya malipo ya huduma za nyumbani kwa asilimia 10, na mwaka uliofuata likakata asilimia 5 nyingine. Ukaguzi wa mwaka 2023 ukakuta zaidi ya nusu ya watoto walioidhinishiwa huduma hawakuzipata zote. Janga la korona lilichangia, lakini mfumo unaohesabu dakika za mlangoni na kuisahau barabara humfukuza kwanza anayehudumia walio mbali.

Kwetu hesabu ni nyepesi. Kenya ilizindua zaidi ya wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii Septemba 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mmoja hupangiwa takriban kaya 100. Hizo ni shilingi 50 kwa kaya, na nauli ya bodaboda itoke humo humo. Tanzania ilitangaza Januari 2024 kufundisha wahudumu wa afya ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2018 kwamba walipwe kulingana na uzito wa kazi, wapewe mkataba wa maandishi, na malipo yasitegemee zaidi vigezo vya utendaji. Atakayesema Hazina haina fedha nitamjibu kuwa ni heri wahudumu wachache wenye mshahara, nauli na muda wa kuandika taarifa, kuliko wengi wanaolipwa kwa fulana na vyeti. Idadi hupendeza siku ya uzinduzi. Mtoto humhitaji yule atakayerudi wiki ijayo, na wa kurudi hugharimiwa kila mwezi.