Makaa ya Mawe na Majira ya Baridi ya Poland

Bei ya makaa ya mawe inapopanda Ulaya, wanaoumia si wenye viwanda pekee. Nchini Poland mamilioni ya kaya hupasha nyumba joto kwa makaa hayo. Aprili 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Poland ilipiga marufuku makaa ya Urusi. Ilipofika Agosti, watu walikuwa wakilala ndani ya magari nje ya mgodi wa Bogdanka wakingoja zamu ya kupakia.

Serikali iliahidi kila kaya inayotumia makaa ruzuku ya zloti 3,000. Ruzuku hiyo ilistahili, lakini haikuongeza hata tani moja sokoni. Na meli za makaa kutoka nje zilipowasili, shehena kubwa ilikuwa vumbi na chenga, wakati jiko la nyumbani linataka mabonge. Ikabidi yachekechwe kwanza.

Katika uhaba huo, hata makaa yetu ya Ruvuma, Tanzania, yanayosafiri kwa malori hadi bandari ya Mtwara, yalipata wanunuzi Ulaya. Kwa maoni yangu, Poland ilichelewa kuyaweka mauzo karibu na wananchi: halmashauri ziliruhusiwa kuuza makaa, kwa bei isiyozidi zloti 2,000 kwa tani, kwa sheria iliyopitishwa Oktoba, baridi ikiwa imeshaanza.