Mgeni Akitaka Jembe

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi jembe lenyewe lina karatasi zake, na anayempa mgeni jembe bila kuzisoma anaweza kujikata mguu.

Hivi karibuni nilikuwa Msimbati, mkoani Mtwara, kwenye Ghuba ya Mnazi ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982, na ambako bahari ni hifadhi tangu mwaka 2000. Kijana mmoja mvuvi alinifuata na bahasha ya kaki. Mgeni wake alitaka kuanzisha kazi ya kuwaongoza watalii baharini, na alimwomba kijana aandikwe kuwa ndiye mwenye biashara. Fedha na faida zingekuwa za mgeni.

"Shikamoo mzee. Nitie saini?" aliniuliza. "Viza anayo, nimeiona kwa macho yangu."

Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Viza ni hodi tu. Inamruhusu mgeni kufika kwa afisa uhamiaji, iwe uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au pale Kilambo akitokea Msumbiji, na kukaa kwa muda mfupi aliopewa. Hata viza ya biashara ni ya shughuli za muda mfupi. Haimfanyi mtu kuwa mwekezaji.

Mwekezaji wa kigeni anayetaka kukaa na kuendesha shughuli zake anahitaji vibali viwili. Cha kwanza ni kibali cha kazi, ambacho hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Wengi hudhani mwenye mtaji wake hakihitaji. Anakihitaji. Cha pili ni kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Daraja A ni la mwekezaji na anayejiajiri, Daraja B ni la mwajiriwa, na Daraja C ni la wengine, kama wanafunzi na watafiti. Kwa hiyo mwenye Daraja C akikuambia anafungua hoteli, muulize mara ya pili.

Nyuma ya vibali hivyo sharti pawe na kampuni iliyosajiliwa BRELA, namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara. Cheti cha uwekezaji kutoka TISEZA, mamlaka iliyorithi kazi za TIC mwaka 2025, humfungulia mwekezaji milango, lakini hakishiki nafasi ya kibali.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mwaka 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Miongoni mwao ni kutengeneza simu, kununua mazao shambani, na kuongoza watalii. Amri hiyo haimwachi mwenyeji: Mtanzania anayemsaidia mgeni kuzifanya anaweza kutozwa faini ya shilingi milioni 5 au kufungwa hadi miezi mitatu. Jina alilokuwa akiombwa kijana lilikuwa pazia, na pazia likivutwa ndiye angeonekana wa kwanza.

Sisemi kila mgeni ni mjanja. Wapo waliochoshwa na njoo kesho za ofisini, wakaonyeshwa njia ya mkato na wenyeji wenzetu wanaojiita mawakala. Lakini mgeni huyo huyo akitaka kujenga hoteli, njia halali ipo, na huyu kijana anaweza kuajiriwa humo kwa mkataba wenye jina lake halisi na mshahara wake halisi.

Nilimwambia hivyo. Akairudisha bahasha kwapani, akasema, "Basi nitamwomba anionyeshe hivyo vibali viwili."

Ni swali dogo, wala si utovu wa adabu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi iwapo karatasi zimeandikwa ili aumwe yeye?

Hadi juma lijalo, kwaherini.